Dawati la Marejeo: Ayn Rand aliingiaje kwenye kamusi za falsafa?

Mkutubi mstaafu anajibu maswali ya wasomaji kuhusu vitabu, kamusi na wanaoviandika.

SWALI: Shikamoo Mkutubi. Nasoma falsafa, mwaka wa pili. Kwenye kikundi chetu cha majadiliano yupo mwenzetu mmoja aliyemganda Ayn Rand kama ruba. Tukimwambia huyo ni mwandishi wa riwaya tu, anafungua simu na kutuonyesha makala inayomhusu katika kamusi elezo ya mtandaoni, Stanford Encyclopedia of Philosophy, halafu anasema, "Haya, bishaneni na Stanford." Mhadhiri wetu naye akilisikia jina hilo anacheka, hajibu. Nani yuko sahihi? Na wenye kamusi hizo huamuaje nani aingie?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla yako kuna kijana mwingine anayenidai jibu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Nilikuwa zamu kwenye dawati la marejeo, mitihani imekaribia, foleni imefika mlangoni. Akauliza kama tuna chochote kuhusu Ayn Rand. Hata kichwa sikuinua. Nikamwambia, "Huyo ni wa hadithi, ghorofa ya chini." Akashukuru, akashuka. Jioni nikawa narudisha rafuni majuzuu ya Routledge Encyclopedia of Philosophy. Ilikuwa imetoka 1998, majuzuu kumi pamoja na faharasa, kurasa bado zinanukia gundi. Nikalifungua juzuu la nane, lile lenye maandishi mgongoni kuanzia Questions hadi Sociobiology, nikapekua. Alikuwemo. Makala fupi, mwandishi Chandran Kukathas, mtaalamu wa falsafa ya siasa. Yule kijana sikumwona tena.

Kwa hiyo mwambie mwenzenu kwamba Stanford hawakuwa wa kwanza. Ila msomee pia Routledge walisema nini: kwamba mawazo ya mama yule yaliwavuta sana wanafunzi wa vyuo vya Marekani, lakini wanafalsafa wa vyuoni hawakuyashughulikia sana. Kamusi ilimfungulia mlango na papo hapo ikatangaza kwamba wenye nyumba hawamjui.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa St. Petersburg mwaka 1905, jina lake Alisa Rosenbaum. Akahamia Marekani 1926, akatoa The Fountainhead mwaka 1943 na Atlas Shrugged mwaka 1957. Hiyo ya pili ina hotuba moja ya mhusika inayochukua kurasa zipatazo sitini, na nakala zetu za maktaba zilikuwa safi kabisa sehemu hiyo, jambo linaloniambia kitu kuhusu wasomaji. Falsafa yake aliiita objektivizimu. Akili ndiyo njia pekee ya kuujua ulimwengu. Kila mtu aishi kwa manufaa yake mwenyewe, asimtumikie mwenzake wala asimfanye mwenzake mtumishi. Na mfumo wa haki ni ubepari usioguswa na mkono wa serikali. Mwaka 1964 akatoa mkusanyo wa insha ambao jina lake tu lilitangaza kwamba ubinafsi ni sifa njema. Kitabu chenye jina hilo hakihitaji mpiga debe.

Sasa, kwa nini wenye fani walimkataa? Wengi husema ni siasa. Mimi nadhani sababu kubwa ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Falsafa ya vyuoni ni kama baraza: ukisema jambo unataja aliyelisema kabla yako, unaeleza anayekupinga ana hoja gani, kisha unamjibu. Rand hakukaa barazani. Alisema deni lake la kifalsafa analitambua kwa Aristotle peke yake. Kuhusu Kant, mwanafalsafa mkubwa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1971 kwamba ndiye mtu mwovu kuliko wote katika historia ya binadamu. Umsome Kant uchoke, umsome ukasirike, lakini mwovu kuliko wote? Mwanafunzi akileta insha ya namna hiyo inarudi imejaa wino mwekundu.

Kisa kinachonikaa kichwani kuliko vyote ni cha John Hospers. Alikuwa mwanafalsafa wa chuo hasa, mwandishi wa kitabu cha kiada kilichotumika sana, akifundisha Brooklyn College walipofahamiana na Rand mwaka 1960. Walizungumza falsafa mpaka usiku wa manane, mara nyingi. Kama palikuwa na daraja kati ya mama huyu na vyuo, daraja lilikuwa Hospers. Mwaka 1962 Rand alisoma mada kuhusu sanaa mbele ya American Society for Aesthetics, mkutano ukifanyika Harvard. Kwa desturi ya mikutano hiyo, mtoa mada akikaa anasimama mchangiaji wa kumkosoa, na siku ile mchangiaji alikuwa Hospers. Akakosoa, kama kazi yake ilivyomtaka. Rand akaona amesalitiwa, na urafiki ukaishia hapo.

Sasa sikia mambo yalivyogeuka. Miaka michache baadaye Hospers akawa mhariri wa jarida la falsafa liitwalo The Personalist. Na ni katika jarida hilohilo, mwaka 1971, ilipotoka makala ya Robert Nozick wa Harvard iliyochambua hoja ya Rand kuhusu maadili. Rafiki aliyetemwa ndiye aliyempa nafasi ya kuchukuliwa kwa uzito. Nozick hakumsifu. Aliichukua hoja, akaipanga hatua kwa hatua, na kila hatua akauliza: hii imetoka wapi?

Hoja yenyewe ni hii. Rand alisema tuwazie roboti isiyoweza kufa wala kuharibika. Haiwezi kupata wala kupoteza chochote, kwa hiyo kwake hakuna jema wala baya. Maana yake, asema Rand, thamani ipo kwa sababu tu kuna viumbe wanaoweza kufa, na hivyo uhai wa kila mmoja ndio thamani yake kuu. Inapendeza ukiisoma haraka. Lakini simama hapo penye "na hivyo". Bila karatasi siwezi kuandika barua, kweli. Je, barua naiandikia karatasi? Kwamba uhai unahitajika ili nithamini kitu ni jambo moja. Kwamba uhai wangu ndio wa kuthaminiwa kuliko vyote ni jambo jingine, na kutoka la kwanza kwenda la pili kunahitaji daraja ambalo wakosoaji hawalioni.

Unaona kilichotokea? Mashabiki walikuwa wengi tangu zamani, na mashabiki hawamwingizi mtu kwenye kamusi. Mpinzani mwenye jina akiandika ukurasa mmoja wa kukupinga kwa makini, hapo ndipo mlango unaanza kulegea, kwa sababu sasa kuna kitu cha kujibiwa. Mwaka 1978 Douglas Den Uyl na Douglas Rasmussen wakamjibu Nozick katika jarida lilelile. Mwaka 1984 wakahariri kitabu kizima cha insha kuhusu fikra za Rand, nacho kikatoka University of Illinois Press. Yeye mwenyewe alikuwa amefariki 1982. Mwaka 1987 ikaundwa Ayn Rand Society, ikishirikiana na American Philosophical Association. Miongoni mwa nguzo zake alikuwa Allan Gotthelf, na huyu ni muhimu: alikuwa tayari mtaalamu anayeheshimika wa biolojia ya Aristotle. Watu waliozoea kumsikiliza kwa Aristotle waliona vigumu kuziba masikio kwa Rand. Kisha 2006 Tara Smith wa Chuo Kikuu cha Texas akatoa kitabu kuhusu maadili ya Rand, mchapishaji Cambridge University Press. Hapo mkutubi yeyote anajua la kufanya: kitabu kinatoka ghorofa ya chini kinapanda juu.

Fedha nazo zilikuwepo, nisikufiche. Benki ya BB&T ya Marekani, wakati ikiongozwa na mpenzi wa Rand, ilitoa ruzuku kwa vyuo kadhaa kwa ajili ya masomo ya ubepari na maadili, na baadhi ya mikataba ilitaka Atlas Shrugged iwe kitabu cha lazima. Wahadhiri wengine walipiga kelele, na nadhani walikuwa na haki. Fedha inaweza kukuwekea kitabu mezani na hata kumlipa mtu akisome. Ukosoaji wa Nozick, hata hivyo, haukununuliwa na mtu, na ndio ulioanzisha mazungumzo.

Tuje Stanford. Kamusi elezo ile ilianzishwa 1995 na Edward Zalta, husomwa bure kwenye intaneti, na sasa ina makala zaidi ya 1,700. Wapo wahariri wa kila tawi la falsafa. Wao ndio huamua mada gani inastahili, kisha humwalika mtaalamu aliyekwisha kuchapisha juu ya mada hiyo. Rasimu hupitiwa na wataalamu wengine kabla ya kutoka, na mwandishi anatakiwa kuifufua makala yake kila baada ya miaka kadhaa. Kila robo ya mwaka kamusi nzima huhifadhiwa kama ilivyo siku hiyo, ili anayeinukuu aweze kuonyesha alinukuu nini. Mimi niliyelea karatasi maisha yangu yote, hilo la mwisho lilinifanya niisamehe intaneti mengi.

Makala ya Rand ilitoka humo Juni 2010, waandishi Neera Badhwar na Roderick Long. Badhwar alitokea Chuo Kikuu cha Oklahoma, Long ni wa Auburn. Kwa hiyo mwenzenu anaposema "bishaneni na Stanford" anakosea anwani. Stanford ni nyumba ya kamusi. Makala ni ya waliotia majina yao. Na anayetaka kubishana nao ataona wamekwisha kubishana na Rand wenyewe. Mwambie asiishie kwenye skrini ya kwanza, ateremke mpaka sehemu ya maadili. Huko waandishi wanauliza: Rand alitaka nini hasa? Mtu abaki hai tu? Abaki hai kama kiumbe mwenye akili? Au astawi, aishi maisha mema kama alivyosema Aristotle? Wanaonyesha kwamba maandishi yake yanavuta huku na huku, na kwamba tafsiri hizo tatu hazikai chungu kimoja.

Usidhani pia kwamba wahariri ni malaika. Mwaka 1967 ilitoka The Encyclopedia of Philosophy ya Macmillan, majuzuu manane, kazi kubwa iliyolea vizazi vya wanafunzi. Mhariri wake mkuu, Paul Edwards, aliweka humo makala kuhusu Wilhelm Reich, yule mwanasaikolojia aliyefia gerezani Marekani mwaka 1957, na makala hiyo akaiandika mwenyewe. Mhariri akimpenda mtu, kamusi hupanuka kidogo upande huo. Ndiyo maana wakutubi hatumwachi msomaji na kamusi moja.

Basi mwenzenu ana haki kwamba Rand si wa kufukuzwa kwa kicheko. Mhadhiri wenu ana haki kwamba kuwamo kwenye kamusi hakumfanyi kuwa sahihi, ila kucheka bila kujibu ni sawa na nilivyomfanyia mimi yule kijana, na sijivunii. Siku nyingine mwendeeni na makala ya Nozick mkononi.

SWALI: Mkutubi, umesema hapo nyuma kwamba kamusi huwa hazina upande. Mimi sikubali. Maprofesa wengi ni wa mrengo wa kushoto, na ndio waliomzuia Rand miaka yote. Angekuwa mjamaa angekuwa na juzuu lake peke yake.

JIBU: Sijasema hazina upande, bwana. Nimesema zina wahariri, na ni jambo baya zaidi.

Lakini hebu lipime dai lako kwa Nozick huyohuyo. Mwaka 1974 alitoa Anarchy, State, and Utopia, kitabu kinachotetea dola ndogo kabisa na kushambulia kodi ya kuwagawia wengine. Kwenye siasa, yeye na Rand wangeweza kukaa kibarazani pamoja. Vyuo vilifanya nini? Kitabu kikapata National Book Award mwaka 1975, na mpaka leo kozi za falsafa ya siasa zinakiweka bega kwa bega na kazi ya John Rawls, mwanafalsafa ambaye Nozick alimpinga. Wasiokubaliana naye ndio waliokifundisha zaidi. Kama lango lilikuwa la siasa, Nozick alipitaje?

Upande wa pili mtazame Jacques Derrida, mwanafalsafa wa Ufaransa, ambaye hakuna atakayemwita wa mrengo wa kulia. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Cambridge kilipotaka kumpa shahada ya heshima, baadhi ya wasomi wa hapo walipinga. Wanafalsafa kutoka nchi mbalimbali, Mmarekani mashuhuri W. V. Quine akiwemo, wakaandika barua gazeti la The Times, Mei mwaka ule, wakisema kazi yake haifikii viwango vinavyokubalika vya uwazi na umakini. Ikabidi kura ipigwe: 336 wakasema apewe, 204 wakasema asipewe. Miaka sita baadaye nikafungua makasha ya Routledge, kamusi ambayo mhariri wake mkuu, Edward Craig, alikuwa mtu wa Cambridge. Juzuu la pili limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa: kutoka Brahman mpaka Derrida. Alfabeti ilikuwa imeamua kwamba juzuu liishie kwake. Nilicheka peke yangu katikati ya rafu. Wale 204 kila wakipita ukumbini walilazimika kumsoma mgongoni.

Na wapo waliokataliwa kwa sababu nzito kuliko hizo. Mwanafalsafa Martin Heidegger na mwanasheria Carl Schmitt, Wajerumani wote wawili, walijiunga na chama cha Nazi Mei 1933. Wote wana makala Stanford, na makala hizo hazifichi unazi. Hapo kamusi haimpi mtu tuzo. Inakueleza ni mawazo ya nani utakutana nayo, na yametoka mikono gani.

SWALI: Mkutubi, nimeandika mfumo wangu wa falsafa, kurasa 340, umekamilika. Nimewatumia barua wahariri wa kamusi elezo tatu, hakuna aliyejibu. Nifanyeje wanitambue?

JIBU: Ndugu yangu, hata Rand hakuomba kuingizwa. Kamusi hizi huandika juu ya mambo ambayo tayari yameandikwa. Mhariri akipokea mfumo mzima kutoka kwa mwenye mfumo, hana la kufanya nao. Hakudharau, hana mahali pa kuuweka tu.

Chukua kurasa 340 uzifunge kwenye boksi. Toa hoja moja, ile unayodhani ni ngumu kupinduliwa, iandike kwa kurasa ishirini. Taja waliowahi kuigusa, hata waliokosea. Peleka kwenye jarida linalopitiwa na wataalamu. Watakukatalia, huenda mara tatu, na majibu yao mengine yatakuwa makali. Yasome yale makali kwanza. Ikichapishwa, usihesabu waliokupongeza. Subiri mtu usiyemjua aandike kwamba umekosea ukurasa wa saba, aonyeshe ni wapi. Huyo mjibu kwa adabu, na usivunje naye urafiki.